Picha ya Kumi na Tisa

Inspekta aliimaliza kesi ile siku ya kwanza, kabla chai yake haijapoa, na alikosea kitu kimoja tu: hakuutazama ukuta.

Siku ya tatu asubuhi karani wa mahakama akampigia simu. Hati ya mashtaka inasema "picha moja ya ukutani", alisema karani. Ya ukubwa gani? Fremu ya mbao au ya chuma? Ilitundikwa wapi? Mtuhumiwa anasimama kesho, na hakimu mwenyewe hapendi kuuliza jambo mara mbili. Inspekta akafungua daftari lake. Mlikuwa na mistari minne. Fundi makochi alifanya kazi kwenye nyumba ile Jumatatu. Jumatatu mchana picha haipo. Fundi amekiri kuishika. Fundi amekamatwa. Basi. Hakuna kipimo, hakuna fremu, hakuna ukuta.

Kituoni walimwita Chapuchapu, na jina hilo alilipenda kama mtu anavyopenda kiatu kipya. Asubuhi ile lilimbana. Akachukua futi ya kupimia, akatoka bila kumwambia mtu anakokwenda.

Nyumba ilikuwa ya mfamasia, mama wa makamo mwenye duka la dawa, na mumewe mpima ardhi. Mama ndiye aliyefungua mlango. Alipomwona Inspekta alikishika kitasa kwa mikono miwili.

"Karibu, afande. Kuna nini tena? Si mlishamkamata?"

"Tumemkamata, mama. Nimekuja kuchukua vipimo tu. Dakika tano."

Dakika tano! Sebule ile ingemla mtu siku nzima. Hakukuwa na kitu kilichofanana na jirani yake. Viti sita vya meza ya chakula vilikuwa watoto wa mama sita: kimoja cha ofisini chenye magurudumu, kimoja cha kukunja, kimoja cha kinyozi, na vingine ambavyo hata kuvitaja ni kazi. Meza yenyewe ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa, tundu la ufunguo bado lipo, juu umewekewa kioo. Taa iliyosimama kando ya kochi ilitoka kwenye chumba cha upasuaji. Dirisha lilikuwa moja, lakini pazia la kushoto lilikuwa gunia na la kulia hariri ya bluu. Katikati likakaa kochi, kazi ya yule fundi, limevalishwa vitambaa saba visivyojuana, na mishono imenyooka utadhani imepigwa kwa rula. Ajabu ni kwamba vyote vilielewana. Rangi ya matofali ilipita humo kidogo kidogo, huku kwenye mto, kule kwenye ukingo wa zulia, ikavifanya vitu vyote kuwa ndugu. Inspekta alilikwepa lile kochi kwa macho.

"Mpambaji anasema nyumba isifanane na duka la fanicha," mama alieleza upesi upesi. "Anasema kila kitu kiwe na historia yake."

"Picha ilikuwa ukuta gani?"

Mama akanyoosha kidole bila kuangalia kinakoelekea. Huo ulikuwa ukuta pekee mweupe katika nyumba nzima, umejaa fremu kubwa na ndogo, za dhahabu ya kupaka, za bati, za mbao mbichi. Inspekta akazihesabu. Kumi na nane.

"Zilikuwa kumi na tisa?"

"Kumi na tisa."

"Na ile iliyoibwa?"

"Hapo. Chini, kushoto."

Chini, kushoto, hapakuwa na pengo. Inspekta akasogea. Siku ya kwanza alikuwa amesimama papo hapo, mgongo kwa ukuta, anauliza nani aliingia leo. Na aliposikia "fundi makochi" hakungoja neno la pili, akashuka ngazi mbili mbili. Sasa aliweka vidole vyake kati ya fremu na fremu. Juu, vidole vitatu. Kulia, vitatu. Katikati, vitatu. Chini kushoto, kati ya picha nne zilizobaki, vitano, vitano na vitano. Mtu alikuwa ameondoa moja, kisha akazisogeza nne kuziba nafasi. Wezi wengi alikuwa amewakamata maishani mwake, lakini hakuwahi kukutana na mwizi anayebaki nyuma kupanga nyumba.

Akainama. Kwenye chokaa kulikuwa na madoa madogo, meupe kuliko weupe wa ukuta. Akakwangua moja kwa ukucha, akanusa. Mnanaa.

"Mama," alisema, bado ameinama, "nipigie simu kwa mpambaji wako. Aje na kila karatasi aliyonayo ya ukuta huu."

"Wa nini tena yule? Ana shughuli zake."

"Aje tu, mama."

Mama akaenda jikoni kupiga simu, na hakurudi sebuleni. Inspekta alisikia maji yakimwagika na kikombe kimoja kikioshwa, kikioshwa, kikioshwa.

* * *

Mpambaji alifika na pikipiki, mgongoni amebeba bomba la plastiki lenye karatasi. Soksi zake zilikuwa za rangi mbili tofauti, na si kwa bahati mbaya. Hakusalimia.

"Nani ameuharibu ukuta wangu?"

"Ndilo nililokuitia. Kaa."

"Sikai. Angalia nafasi hizi! Vidole vitano! Mimi kote natumia vitatu, afande. Kwenye nyumba ya namna hii vitu havifanani, kwa hiyo nafasi ndiyo lazima ifanane. Ukiiharibu, hii haiwi nyumba tena, ni mnada."

"Ulijuaje pa kupiga kila msumari?"

Hapo mpambaji akalainika. Akamimina karatasi juu ya ule mlango uliokuwa meza. Yeye hapigi msumari kwa kukisia, alisema. Kila picha huikatia karatasi ya saizi yake, akazibandika ukutani, akaziacha siku tatu. Wenye nyumba wanapita, wanaangalia, wanasema hii juu, ile chini, naye anasogeza. Wakishazoea ndipo anashika nyundo. Karatasi huzitunza, na juu ya kila moja huandika ni picha ya nini na fremu yake ikoje.

Zilikuwa kumi na tisa. Inspekta akazipanga juu ya kioo kama zilivyokaa ukutani, na ya chini kushoto akaivuta kwake. "Fremu nzuri kuliko zote," ilisema pembeni.

"Fremu nzuri kuliko zote," Inspekta alisoma kwa sauti. "Una wateja wengine?"

"Namshukuru Mungu, ninao."

"Wanapenda fremu nzuri?"

"Nani hapendi?"

"Ufunguo wa nyumba hii unao?"

"Ninao mpaka kazi iishe. Ndivyo ninavyofanya kwa..." Mpambaji akaitazama karatasi iliyo mkononi mwa Inspekta. "Ahaa. Kumbe sasa ni mimi."

Damu ya Inspekta ilikuwa imeanza kuchangamka, ile raha yake ya zamani ya kumaliza kazi, na mkono wenyewe ulishateremka kwenye pingu kiunoni. Bado kidogo tu. Akaurudisha mezani, akajisikia vibaya kwa jinsi ulivyokwenda kirahisi.

"Nieleze kwanza yale matundu ya misumari pale ukutani," alisema. "Umeyaziba na nini?"

Mpambaji akaenda ukutani, akagusa, akanusa, akageuka uso umemvimba.

"Dawa ya meno! Afande, nitukane kwa lolote, lakini si kwa hili. Mimi ningeziba kwa puti, nikapiga msasa, nikapaka rangi mara mbili, na usingeona kitu hata ungekuja na kurunzi. Huyu ni mtu aliyekuwa na haraka, na anajua bafu la nyumba hii liko wapi."

Inspekta alikuwa ameigeuza ile karatasi kwenye mwanga. Katikati kulikuwa na maneno yaliyokatwa kwa mstari, na chini yake mengine. Yaliyokatwa yalisema: "Mama mzee, kutoka kwa muuza vikuukuu." Ya chini yalisema: "Bibi mzaa baba."

"Hii nini?"

Mpambaji akaiona. Makelele yote yakamwisha. Akakaa, tena kwenye kile kiti cha kinyozi.

"Hiyo ni siri ya mteja."

"Kuna mtu amelala sakafuni siku mbili kwa siri ya mteja."

Mpambaji akazitazama soksi zake. "Nilimwambia mimi," alisema. "Nilimwambia ukuta wa picha hauwezi kuwa milima na maua peke yake, unataka sura ya mtu mzima inayokutazama. Akasema kwao hawakuwa na picha. Nikampeleka kwa muuza vikuukuu. Mimi nilikuwa natafuta uso mzuri tu, afande. Hilo la bibi mzaa baba alilisema mwenyewe, siku mumewe alipouliza huyu ni nani. Nami nikafuta, nikaandika alivyosema."

"Hukuona ubaya?"

"Niliona fremu," alisema mpambaji, na baada ya hapo hakuinua tena uso.

* * *

Jikoni kikombe kilikuwa bado mkononi mwa mama.

"Mama, picha ile ilipigiwa wapi?"

"Nyumbani kwao bibi."

"Alikuwa na umri gani?"

"Sabini. Sabini hivi."

"Na muuza vikuukuu aliipata wapi?"

Kikombe kikateleza kwenye sinki, hakikuvunjika. Mama akafuta mikono, akaifuta tena, akavuta kiti.

"Mume wangu asijue," alisema.

"Anza na Jumatatu."

Alianza mapema zaidi. Mumewe alipenda sana picha ile. Kila asubuhi akipita na mkoba wake alisimama, akasema, "Shikamoo bibi." Mwanzo ulikuwa utani, baadaye ukawa mazoea, na mwishowe akaanza kuuliza habari za bibi huyo, naye mama akawa anazitunga: alikuwa mshonaji, alikuwa mkali, alipenda chai ya rangi. Miezi minane. Angewezaje kusema sasa kwamba mzee huyo alinunuliwa pamoja na ndoo ya vitasa vibovu?

"Jumatatu," Inspekta alimkumbusha.

"Jumatatu alikuja fundi kumalizia kochi. Nikamwekea chai. Niliporudi nikamkuta ukutani, ameitoa picha, ameigeuza nyuma, anapapasa. Akaniuliza, 'Samahani mama, huyu ni nani wako?' Nikasema bibi yangu, mzaa baba. Nimeshazoea kusema, afande, ilitoka yenyewe."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Ana sura nzuri, bibi yako.' Akaitundika. Akainyoosha. Akarudi kwenye kochi, akaendelea kugonga misumari mpaka akamaliza. Chai hakuinywa." Mama akafunika macho. "Nilimwona anavyoitazama. Alipoondoka nilishindwa kupita mbele ya ukuta ule. Nikaishusha. Nikasogeza nyingine, nikaziba kwa nilichokiona."

"Halafu mumeo akarudi."

"Akasema, 'Bibi yuko wapi?' Nikasema sijui. Akasema, 'Nani aliingia leo?' Nikasema fundi. Nilisema hilo tu, afande. Neno moja."

Neno moja, na lilimtosha Inspekta. Uso ukampata moto. Alitamani mama aendelee kusema ili yeye asiwe wa kusema.

"Ilete," alisema.

Mama akalivuta sanduku la nguo kutoka chini ya kitanda. Picha ilikuwa imeviringishwa kwenye taulo. Ilikuwa ya mama mzee aliyekaa wima, mikono magotini, macho yanamfuata mtu. Chini ya taulo kulikuwa na picha nyingine ndogo, imekunjika pembe: mwanamke mwenye sare ya wafagizi wa hospitali, ameshika fagio la mpini mrefu.

"Na huyu?"

"Huyo ndiye," alisema mama kwa sauti iliyopungua. "Bibi yangu. Sasa ningemtundika vipi huyo sebuleni?"

Inspekta akaigeuza ile kubwa. Ubao wa nyuma ulikuwa umepasuka zamani, na mtu akaushika kwa kipande cha ngozi bandia ya kochi na misumari midogo yenye vichwa vya shaba. Ilikuwa imepigwa miwili miwili, nafasi, miwili, nafasi. Akaichukua mpaka sebuleni, akapiga magoti kando ya lile kochi alilokuwa akilikwepa, akaweka fremu ubavuni mwake. Miwili miwili, nafasi, miwili, nafasi. Mkono ulikuwa mmoja, ila wa kwenye fremu ulikuwa bado wa mwanafunzi anayejifunzia vitu vya kwao, msumari mmoja umekwenda upande.

Akakumbuka alivyomkuta fundi Jumatatu ile kwenye karakana yake. Alikuwa na misumari kama hiyo midomoni, kama mafundi makochi wanavyoishika ili mikono ibaki huru. Inspekta alimwambia simama, jibu. Fundi akaanza kuitema misumari mmoja mmoja kiganjani, ili asiumie, na Inspekta akaona anapoteza muda, akamfunga pingu misumari mingine bado mdomoni. Kisha, yeye ambaye hufanya kila kitu haraka, alimtembeza fundi barabara nzima polepole, kwa makusudi, ili watu waone.

"Huyu si bibi yako," alimwambia mama, "na mtoto wake ninaye selo. Twende kituoni, ukafute malalamiko yako kwa mkono wako."

Walikuwa kizingitini mpima ardhi alipofika kula chakula cha mchana. Akaiona picha mkononi mwa mkewe, uso ukamfunguka.

"Aa! Shikamoo bibi! Umepatikana!"

Mama akaishusha picha.

"Si bibi yangu. Nilimnunua."

Akasema yote, pale pale kwenye ngazi, mpambaji nyuma yake amejibanza na bomba lake la karatasi. Mume akasikiliza. Akavua kofia.

"Miezi minane namwamkia mama wa watu," alisema. Halafu akauliza, "Na bibi yako yuko wapi?"

Mama akatoa ile ndogo kwenye pochi. Mpima ardhi akaisogeza karibu, akaitazama, akamtazama mkewe, akairudia picha.

"Mbona mmefanana hivi?" alisema, na mama, aliyekuwa amejikaza kisabuni tangu asubuhi, akaangua kilio mbele ya watu wote.

* * *

Kituoni dada wa fundi alikuwa kwenye benchi lake, chupa ya chai magotini. Alikuwa amekaa hapo tangu Jumanne. Askari wa zamu alikwisha zoea kumruka miguu.

Inspekta alipita mbele yake, picha ameigeuzia kifuani kwake, akaenda kufungua selo mwenyewe. Fundi alitoka akishika suruali kwa mkono, kwa sababu mkanda walikuwa wamemvua. Inspekta akamwonyesha.

"Kwa nini hukusema ni mama yako?"

"Ungeniamini?"

Inspekta akachomoa ufunguo kwenye kufuli.

"Ungejaribu," alisema Inspekta.

"Afande, dada yangu yuko wapi?"

"Kwenye benchi."

Fundi akarudi nyuma hatua moja, kuelekea ndani ya selo. "Basi ifunike. Nakuomba. Mama alipofariki mimi ndiye niliyeachiwa nyumba niitoe vitu. Nilikuwa na oda ya makochi ya hoteli, sikwenda. Nilimpa muuza vikuukuu ufunguo, nikamwambia chukua vyote. Vyote, afande! Picha ilikuwa ukutani. Ndiyo hiyo moja tu aliyowahi kupigwa. Dada aliponiuliza, nikamwambia nimeipeleka kwa mpiga picha isafishwe. Mwaka wa nne huu bado inasafishwa. Pale kwa yule mama ningesema nini? Ningesema nirudishie mama yangu niliyemtoa na masufuria? Bora niitwe mwizi."

"Nani mwizi?"

Alikuwa dada. Alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake, na hakuna aliyemsikia akiinuka. Fundi akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa shati. Dada akamnyang'anya Inspekta picha, akaifuta kioo kwa upindo wa nguo yake, kuanzia paji la uso kushuka.

"Dada, mimi..."

"Yule mpiga picha alikufa mwaka juzi," alisema dada. "Nilikwenda mazishini. Nilirudi nikakuuliza picha imefikia wapi, ukaniambia bado kidogo."

"Ulijua."

"Nilikuwa nangoja useme. Kila nikija kwako nasema leo atasema." Akaikumbatia picha. "Umekonda. Kunywa chai kwanza."

Fundi akanywa amesimama, machozi yanaingia kwenye kikombe. Mfamasia alikuwa kaunta anaandika, na alipomwona fundi akaja akapiga magoti. Fundi akamshika kiwiko, akamwinua.

"Usifanye hivyo, mama. Wewe ulimpa ukuta mzuri. Mimi nilimtupa."

Inspekta akasukuma mkanda na kamba za viatu juu ya kaunta. "Uko huru. Saini hapa, uende."

Fundi akavaa mkanda. Akafunga viatu, kamba moja, kamba ya pili. Akakaa kwenye benchi la dada yake.

"Siendi."

"Huendi vipi?"

"Ulinichukua saa nane mchana. Ukanipitisha duka la viatu, kinyozi, na wale mafundi cherehani. Wateja wangu wote wako barabara ile. Nikirudi peke yangu, mimi ni mwizi aliyeachiwa. Nirudishe wewe, afande. Njia ile ile."

Askari wa zamu akaanza kutazama dari. Inspekta akashika funguo za gari.

"Kwa miguu," alisema fundi. "Ulinitembeza kwa miguu."

Saa nane na dakika chache wakatoka, dada mbele na chupa yake, fundi katikati, Inspekta nyuma amebebeshwa picha. Kwenye duka la viatu mwenye duka alikunja mikono.

"Nilimkamata bure," alisema Inspekta. "Hakuiba."

"Sawa," alisema mwenye duka, bila kumtazama Inspekta, akamkamata fundi mkono.

Kwa kinyozi mashine ilikuwa inanguruma. Inspekta akasema, na kinyozi akaweka mkono sikioni.

"Sikusikia, afande."

"Nasema nilimkamata bure!"

Kinyozi akaizima mashine. Mteja mwenye nusu ya nywele akageuka kitini. Inspekta alinyolewa hapo hapo kila mwisho wa mwezi, na kila mara alisimulia kesi alizozimaliza.

"Rudia, sasa kumetulia," alisema kinyozi.

Akarudia. Kwa mafundi cherehani akasema tena, na cherehani nne zikasimama kwa pamoja. Masikio yalikuwa yakimwaka moto. Watu walisikiliza mpaka mwisho na hakuna hata mmoja aliyecheka. Alitamani wacheke.

Karakana ilikuwa na kufuli la Inspekta mwenyewe, alilolifunga kwa mkono wake Jumatatu. Akalifungua. Nje, kochi la mteja ambalo fundi alikuwa amelifikisha nusu halikuwepo. Mwenyewe alikwishalichukua kwenda kwa fundi mwingine. Sakafuni misumari ya vichwa vya shaba ilikuwa imetapakaa pale ilipoanguka Jumatatu. Inspekta akachuchumaa, akaanza kuiokota, mmoja mmoja.

"Iache hiyo," alisema fundi. Alikuwa amepanda kwenye kigoda na nyundo, misumari miwili midomoni. "Shika picha hapa, nione. Kushoto kidogo. Juu. Hapo hapo, usitikisike."

Inspekta akaishika, mikono juu, uso kwa uso na yule mama mzee, kwa karibu kuliko alivyowahi kumtazama shahidi yeyote. Macho yake hayakuhama. Nyundo ikagonga mara mbili.

"Achia," alisema fundi.

Akaachia, akarudi nyuma, akavua kofia.

"Shikamoo mama," alisema Inspekta.

Dada alikuwa anafagia. Fundi alikuwa anashuka kwenye kigoda. Hakuna aliyemwitikia.